Kasa wa Birikani

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Itangazwe kwa wote wanaohusika: mwongoza watalii wa Kibokoni, yaani mimi, leo amevaa kofia mpya. Wageni sita hawakuitazama. Nikawaonyesha milango, roshani, wachonga mbao. Wao wataka kasa. Wamesoma tangazo hotelini. Kasa yuko kwa shemeji yangu Twalibu, mume wa dada Zuhura. Nikawapeleka. Najuta.

Jumatano, 7 Agosti
Nimerudi peke yangu. Kasa huyo Twalibu kamnunua kwa wavuvi, kamtia katika birika la uani, lile la kutawadhia. Mlangoni kibao: Kituo cha Uhifadhi. Wageni wanamnyanyua, wanapiga picha, wanamlisha biskuti. Macho yamemvimba. Maji ni ya kisima. Nikamwambia Twalibu huyu ni mnyama wa bahari. Akanijibu kwa upole wa mtaalamu:
"Shemeji, chai ya kisima hiki waijua. Chumvi tupu. Ataka nini zaidi?"
Kweli, chai ile hainyweki. Ndiyo sayansi yake yote. Nina hasira.

Ijumaa, 9 Agosti
Baada ya swala nikamkabili barazani, mbele za watu. Tuwapeleke wageni baharini, nikasema, wamtazame kasa kwa mbali, mikono mifukoni. Kasa aishi, na wageni warudi mwakani. Baraza zima likacheka. Twalibu akauliza nani atalipa kutazama maji. Basi simpelekei mtu tena. Waongozaji wenzangu wanapeleka. Wageni wangu wanne wamenihama leo hii hii, wakawafuata. Wapenda wanyama hao.

Jumatatu, 12 Agosti
Kasa hali kitu tena. Asubuhi Zuhura kaja kwangu mwenyewe, buibui limekaa upande.
"Kaka, akifia uani kwangu sitamsamehe mtu. Mume wangu yuko kivukoni Feri, apokea wageni. Twende sasa."
Nikakodi mkokoteni. Tukamfunika gunia bichi. Njiani watu watatu wakaniuliza kilo nauza vipi. Mmoja alikuwa mwongozaji mwenye beji. Nilitamani kumpiga.
Kwenye ngazi za bandari ya kale tukamshusha majini. Akatulia kitambo, kama amesahau. Kisha akazama. Zuhura akalia. Mimi nikalikunja gunia kwa hasira.

Alhamisi, 15 Agosti
Twalibu hasemi nami. Zuhura kaniletea mahamri, kakaa kidogo, kaondoka. Birikani mna kasa mwingine. Mdogo zaidi.