Kipande cha Kaseti Ambacho Hawajakisikia

Kitale, Jumapili mchana

Baba,

Nimefunga mlango wa duka na nimekaa nyuma ya cherehani kama mtu anayejificha asionwe na polisi. Muuza viatu wa jirani amegonga akauliza kama niko sawa, nikamwambia ni tumbo. Si tumbo. Ninaogopa, Baba. Ninaogopa mpaka jana niliushona mkono wa kushoto wa blauzi ya mwalimu mmoja mahali pa mkono wa kulia, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa najifunza kazi. Kesho asubuhi natakiwa Bungoma kwa wakili, nikale kiapo kwa ajili yako. Na ninachotakiwa kuapa si kweli.

Ngoja nianze mwanzo. Wewe uliondoka kabla ya haya yote, na hukupenda mtu akurukie na hadithi katikati.

Unaikumbuka ile kaseti yako, ile uliyoiandika "Mimi" kwa biro nyekundu? Ulipofariki, kaka Wafula alitaka watu wakusikie mara moja ya mwisho kabla hatujakuweka kwenye udongo. Tukamkodi yule mwenye spika na jenereta anayezunguka matanga yote ya Kanduyi. Kaseti nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu. Akasema mashine yake kubwa haichezi kaseti, ataihamisha kwanza kwenye fleshi kwa kimashine kingine. Akaanza kuihamisha huku watu wakiketi, lakini pasta akafika mapema akataka kimya, naye akazima kabla kaseti haijafika mwisho. Kilichopatikana ndicho tulichokisikia, ukiimba nyumbani kwako na wewe umelala kwenye sanduku. Mama alilia kwa Kikikuyu, na unajua yeye hulia kwa Kikikuyu tu mambo yakiwa yamemshinda kabisa. Jioni kaseti nikarudishiwa. Ya fleshi hata sikuuliza. Nani huuliza habari za fleshi siku ya kumzika babake?

Basi fleshi ikatembea. Ilipitia mikono ya nani sijui, lakini ilimfikia kijana mmoja anayejiita Sajenti Moshi. Huyo huimba kwa kusema haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa na deni. Akakata kipande chako akakiweka chini ya maneno yake. Alichukua mlio wa nyuzi za litungu lako na ile mistari miwili ya Kibukusu, ulikuja bila viatu, ukarudi bila viatu. Na mimi pia alinichukua. Ile sauti ya mtoto inayosema, "Ongeza, Baba, ongeza!"

Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa hapa dukani nakata sketi. Mwendesha boda mmoja alikuja kuchukua suruali yake, amefunga spika kwenye pikipiki. Nikakusikia ukikohoa. Si kuimba, Baba, kile kikohozi chako cha kusafisha koo kabla ya kuanza. Nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa nikidhani umekuja kunichukua. Halafu ngoma ikapiga, na kijana akaanza kujisifu kuhusu viatu vyake vipya.

Yule wa boda akanicheka. "Auntie, niaje? Hii ngoma ni moto bana!" Nikamwambia huyo anayeimba ni babangu. Akasema, "Si babako tu, hata mimi ni babangu. Huyo mzee ni wa kila mtu."

Tangu siku hiyo sijapumzika. Watoto wakitoka shule wanapita hapa wakipiga kelele, ongeza Baba ongeza, na kila mara mwili wangu unashtuka, kwa sababu ni mimi huyo, nina miaka sita, nimekaa chini ya meza ya Kanduyi nakula muhogo. Nchi nzima inachezea sauti yangu na hakuna anayenijua.

Wafula alikasirika jinsi unavyomjua, kwanza miguu halafu mdomo. Akatafuta wakili Bungoma. Upande wa Sajenti Moshi wakajibu kwamba ule ni wimbo wa zamani wa kabila, hauna mwenyewe, na mtoto ni msichana waliyemrekodi studio. Ati mimi nilirekodiwa studio! Wakili, dada mdogo tu lakini macho yake hayachezi, akasema huyo mtoto ndiye atakayetuokoa. Kaseti ya asili iko kwangu, na mtoto ni mimi, niko hai. Nitaapa mambo mawili. La kwanza, kwamba sauti ile ni yangu. La pili, kwamba wimbo ule uliutunga wewe mwenyewe, kwa kichwa chako. Akaniangalia akasema, "Na ukidanganya kwa kiapo, Nasimiyu, hiyo ni jela. Si mchezo."

Wafula akacheka. "Adanganye nini? Si kila mtu anajua wimbo ni ya mzee?"

Nami nikacheka. Hapo bado nilikuwa nacheka.

Jumatano nikaazima redio kaseti kwa fundi wa saa, nihakikishe kaseti inafanya kazi kabla ya kuipeleka. Nikaizungusha kwa biro ulivyonifundisha, nikabonyeza. Ukakohoa, ukaimba. Nikasema ongeza, Baba, ongeza. Ukaongeza, tukapita mahali yule mtu wa spika alipoizima. Halafu litungu likanyamaza, na mimi, mdomo umejaa muhogo, nikauliza, "Baba, huu si wimbo wa Mzee Khaemba?"

Ukacheka. Kicheko kifupi ambacho sikukikumbuka. Ukasema, "Leo ni wangu. Enda ucheze nje."

Mlango unasikika ukifungwa. Kisha unaanza tena.

Nilikuwa nimesahau, Baba. Hilo naweza kuliapa mahali popote. Nilirudisha nyuma mara tano, kama mjinga, nikitumaini safari hii utasema neno lingine.

Mzee Khaemba mimi namkumbuka kwa mbali, kofia na harufu ya tumbaku, rafiki yako wa Lugulu aliyekufundisha litungu, aliyekufa kabla sijaanza shule. Lakini nakumbuka vizuri Desemba zetu. Kila Desemba tulikwenda Lugulu kumwona mjane wake, Mama Robai, tukiwa na sukari na mche wa sabuni. Ulikaa pale ukanywa chai ukizungusha kofia kwenye magoti. Wakati wa kuondoka ulisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha ukasema, "Haya, basi," tukaenda. Nilidhani ndivyo wazee wanavyotembeleana.

Halafu nikakumbuka jambo lingine, na hilo ndilo lililonikata maini. Siku ya tatu baada ya kukuzika, siku ya kunyoa nywele, wazee walipouliza mbele ya watu wote kama yuko anayekudai chochote aseme sasa au anyamaze milele, Mama Robai alisimama. Alishika kiti cha plastiki kilichokuwa mbele yake. Watu wakageuka. Akakaa chini. Nikampelekea maji, nikidhani ni magoti.

Alhamisi nilikwenda Lugulu. Nilijidanganya njia nzima kwamba ataniambia mumewe alikupa wimbo kama zawadi. Nilimkuta nje ya nyumba akichambua maharagwe, akanikaribisha kama zamani. Sikujua nianzie wapi, yeye ndiye aliyeanza.

"Nilisikia babako kwa redio," akasema. "Nikajua sauti ni yake. Rakini maneno ni yangu."

Nikamuuliza maneno ni yake kivipi.

"Huo wimbo Khaemba alinitungia nikiwa nimerara hapo hosipitali. Mtoto wetu ya kwanza alikataa kupumua. Nilikuwa nimemshonea viatu ya uzi, hakuvaa. Khaemba hakukuwa na mahali ya kuweka hiyo huzuni, akaweka kwa litungu. Aliimbia mimi, na babako kwa sababu ni rafiki, wewe ukiwa mdogo kwa magoti yake. Hakuimba mahali ingine."

Ulikuja bila viatu, ukarudi bila viatu. Maisha yangu yote nilidhani ni wimbo wa umaskini. Yule kijana naye amesikia neno viatu akaanza kutaja bei ya vyake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kunyoa nywele. Akaendelea kuchambua maharagwe. "Nilitaka aseme yeye. Alikuwa anakuja kila mwaka kusema, mimi naona imefika hapa kooni. Anakunywa chai, anaenda. Sasa amekufa, niseme na nani? Nikuaibishe wewe?" Kisha akaniuliza, "Hiyo kaseti uko nayo?"

Baba, nilimdanganya. Kaseti ilikuwa hapa, kwenye droo ya vifungo. Nikamwambia, "Iliharibika, Mama." Neno lilitoka lenyewe, laini, bila kukwama popote. Akasema pole. Mimi ndiye niliyepewa pole! Nikanywa chai yangu, nikafika mlangoni, nikasimama, na nikajisikia nikisema, "Haya, basi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jela naiogopa, ndiyo, lakini zaidi ya jela niliogopa kwamba nimerithi mlango ule.

Tangu Alhamisi mkasi uko karibu na mkono wangu. Kipande chenyewe ni kifupi, urefu wa dhiraa moja pengine. Nikate pale litungu linaponyamaza, niunge kwa gundi, kaseti itakuwa kama ile ya kwenye fleshi na hakuna atakayejua. Mimi ni fundi, nimeunga vitu vigumu kuliko hivyo. Ijumaa niliutoa utepe nje, nikaunyoosha mezani, nikaufungua mkasi. Nikaufunga mkasi bila kukata. Nikaurudisha utepe kwa biro, nikijipiga kifua nisilie mbele ya wateja.

Nikuambie ninachokiogopa, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Ninamwogopa Wafula. Ameshalijenga kaburi lako kwa simenti na amechora litungu juu yake, na chini ameandika Mtunzi. Nikisema, atasema nimekuzika mara ya pili, na sijui kama atanisalimia tena. Ninaogopa kwa ajili ya Mama. Redio ikiucheza ule wimbo huwa anaacha kazi na kukaa, na uso wake unalegea kama wakati ulipokuwa hai ukimchokoza. Nikisema, nitamharibia hata hilo. Ninawaogopa vijana wawili waliokuja dukani juzi, hawakushona kitu, wakaegemea meza yangu na kuniambia, "Sister, hii story achana nayo, ati utaumia bure." Nilitabasamu nikawauliza vipimo vya kiuno.

Na ninakuogopa wewe. Nimeliandika, basi. Watu wa kwetu wanajua marehemu akikasirika anakuja. Tangu Jumatano nasinzia kidogo tu nakuona umekaa kwenye kile kigoda, mgongo umenigeuzia, unakaza nyuzi za litungu. Nakuita hugeuki. Nakuita kwa ile sauti ya mtoto, na bado hugeuki.

Nimekukasirikia pia. Ungesema mara moja tu, Baba. Desemba moja. "Robai, niliurekodi wimbo wa mumeo, nikauita wangu kwa siku moja, nisamehe." Angekumiminia chai nyingine. Ninamjua, angekumiminia. Sasa umeniachia mimi, tena mbele ya wakili, na jina lako likiwa limekaukia kwenye simenti.

Lakini pia najua ulivyoupenda ule wimbo. Ulikuwa umempoteza rafiki, na ulitaka wimbo wake ukae mahali fulani ili asipotee kabisa. Hilo nalisikia kwenye kaseti. Unapoanza tena baada ya mlango kufungwa, ukidhani huna msikilizaji, sauti yako inakatika pale kwenye viatu. Huimalizi mistari. Unakohoa na kuanza upya, unakohoa tena, mpaka kaseti inakwisha. Hicho kipande hawajakisikia wale wanaocheza. Hata Wafula hajakisikia.

Kwa hiyo nimeamua, na nimefunga mlango wa duka nisije nikabadilisha mawazo. Kesho nitatoka mapema na ile redio kaseti ya kuazima, na nitashuka Lugulu kwanza. Nitamwambia Mama Robai kwamba nilimdanganya, kabla hata sijakaribishwa kuketi. Nitamwomba twende wote. Akikataa nitamchezea kaseti hapo hapo nje, kwenye maharagwe yake, halafu niende peke yangu. Kwa wakili nitaapa la kwanza tu, kwamba yule mtoto ni mimi na yule mwanamume ni babangu. La pili sitaliapa. Nitaweka kaseti mezani mbele ya Wafula na nitabonyeza. Sijui kama kesi itasimama baada ya hapo au itaanguka. Sijui kama nitarudi Kitale nikiwa na kaka.

Ninakuahidi sitaizima pale wanapoizima wengine. Nitaiacha iende mpaka mwisho, mpaka kule unakokohoa peke yako, ili wajue uliuchukua na pia wajue ulivyolia nao.

Kwaheri, Baba. Utanisamehe mwandiko. Kesho utanisikia nikikuuliza tena wimbo huu ni wa nani. Safari hii usinitume nje nikacheze.

Binti yako,
Nasimiyu