Kamba ya Stesheni ya Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Carrick Downs, Australia Kusini
Kuhusu: Kifo cha Tihomir Bašić, kiwanda cha magari cha Wendover
Jina la shahidi: Desmond Arthur Haskett
Umri: Miaka 58
Kazi: Fundi umeme
Makazi: Mtaa wa Fairlead, nyumba namba 14, Carrick Downs
Tarehe na saa: Ijumaa, 24 Novemba 2017, saa 4:20 asubuhi
Mpokea maelezo: Sajini Nerida Coyle

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Tarehe 15 Novemba, siku ya tukio, nilimwambia askari aliyefika kiwandani kwamba sikuona kitu na sijui kitu. Yote mawili ni uongo. Sajini amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa. Yatumike.

Nilianza kazi Wendover mwezi Machi 1986. Tihomir Bašić, ambaye sote tulimwita Tiho, alianza mwaka 1993, alipofika kutoka Kroatia akiwa na begi moja na mke mmoja, na mwenyewe alipenda kusema kwamba begi lilipotea uwanja wa ndege. Alipangiwa stesheni ya tisa. Hapo bodi la gari hufika likining'inia kwenye reli ya juu, tupu, na watu huanza kulifunga vyuma kutoka chini. Alikaa stesheni hiyo miaka ishirini na nne. Alikuwa rafiki yangu. Sina mwingine wa aina ile na sitegemei kumpata kwa umri huu.

Sajini ameuliza kamba ni kitu gani. Kila stesheni ina kamba ya njano inayopita juu ya vichwa vya watu. Ukiona kasoro kwenye gari, unavuta. Mstari mzima wa kuunganisha magari unasimama na spika inapiga mlio wa stesheni yako ili wasimamizi wajue wakimbilie wapi. Mlio wa stesheni ya tisa ulikuwa ule wa gari la aiskrimu, aliuchagua Tiho ili kuwaudhi mabosi. Wengi walikuwa wanaogopa kuvuta, kwa sababu mstari ukisimama hata dakika moja kuna mtu ofisini anapandwa na presha. Tiho hakuogopa. Siku moja alivuta mara sita kwa zamu moja. Msimamizi akaja anafoka, "Tiho, unataka kiwanda kifungwe?" Tiho akamjibu akiwa chini ya gari, hata uso hakuutoa, "Kitafungwa siku utakapouza gari linaloachia mlango njiani, bosi. Nipe spana kumi na tatu." Tulicheka wiki nzima.

Naomba hili liandikwe kama ninavyolisema. Mtu wa mstari akishavuta kamba, haangalii juu wala hasubiri. Mkono unavuta, mguu unaingia chini ya gari, ni kitendo kimoja. Katika miaka ishirini na nne kamba haikumdanganya Tiho hata mara moja.

Mwaka 2013 kampuni ilituomba tupige kura kukubali mishahara isipande kwa miaka mitatu, tukaahidiwa kwamba tukikubali tutapewa gari jipya la kutengeneza. Tiho alipita meza hadi meza wakati wa chai akiwasihi watu. Alisema, "Tuwape hili, jamani, nao watatupa gari." Tukapiga kura ya ndiyo. Mnamo tarehe 15 Mei 2014, siku ya Alhamisi, saa 4 asubuhi, mstari ulisimamishwa, tukakusanywa kwenye ukumbi wa chakula. Mkubwa mmoja aliyetumwa na makao makuu, ng'ambo, alisimama akatusomea karatasi kwa dakika kumi na moja. Alisema hakuna aliyekosea, ni hali ya biashara tu. Dola yetu imepanda, soko letu ni dogo, serikali imeacha kusaidia, na watu siku hizi wanataka magari makubwa ya kukaa juu, si magari ya chini kama yetu. Gari jipya litajengwa Thailand. Kiwanda kitafungwa.

Tiho alinyoosha mkono. Akauliza, "Samahani bosi. Hayo yote, mlipotuomba kura mwaka jana, mlikuwa hamyajui?" Yule mkubwa akanywa maji.

Gari la mwisho lilitoka tarehe 29 Septemba 2017. Tuliandika majina yetu kwa ndani, chini ya zulia la buti, ambapo mwenye gari hatayaona kamwe. Tiho aliandika jina lake na neno "imekaguliwa".

Baada ya hapo watu arobaini tuliajiriwa na kampuni ileile kwa wiki kumi kubomoa tulichokijenga. Mimi na Tiho tulikuwamo. Spika ziliondolewa wiki ya kwanza, kwa hiyo ukivuta kamba mstari ulisimama kimyakimya. Msimamizi wa ubomoaji ni Garth Lindeman. Reli ya juu ilikuwa imeshapata mnunuzi kutoka nje, na alikuwa anakuja Alhamisi tarehe 16 Novemba kuiona ikizunguka na mabodi matatu tuliyoyaacha kwa kazi hiyo.

Jumatatu tarehe 13 wakati wa chai, Tiho alisema mbele ya Lindeman, "Mimi hamnitoi hapa. Mtanifungasha pamoja na reli, mnipeleke huko mlikoiuza." Nasikia Lindeman amewaambia polisi maneno hayo kama ushahidi kwamba Tiho alikuwa amekata tamaa. Ule ulikuwa utani. Mimi mwenyewe siku hiyohiyo nilisema wanizike kwenye chumba cha mafyuzi, na hakuna aliyeniletea daktari.

Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi, Lindeman aliniita ofisini kwake. Alikuwa na barua pepe kutoka makao makuu, akanisomea. Ilisema reli izunguke saa nne mfululizo mbele ya mnunuzi bila kusimama hata mara moja. Kamba zilikuwa zimechakaa, na wiki iliyotangulia mbili zilipiga shoti zikasimamisha reli zenyewe.

Lindeman akasema, "Zikate zote."

Nikamwambia, "Garth, hizo ndizo breki za watu."

"Watu gani, Des? Nani anajenga gari hapa? Kata, tundika kadi nyekundu ya onyo kwenye kila kamba. Mwenye macho ataona."

Nilikata. Sikugoma, sikupiga simu kwa chama cha wafanyakazi, sikufanya lolote. Zilikuwa zimenibakia wiki tatu na siku chache za kazi katika maisha yangu, nikajiambia ziishe salama.

Kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana nilikata nyaya za kamba zote kumi na nne. Kamba zenyewe nilizibakiza zikining'inia. Ukiivuta moja unasikia uzito uleule na mlio mdogo uleule wa swichi, lakini haisimamishi kitu. Kadi kumi na tatu nilizitundika. Ya stesheni ya tisa niliiandika, nikaisogeza hadi kwenye kamba, halafu nikaitia mfukoni.

Sababu ni hii. Siku hiyo Tiho hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe kwa daktari wa macho. Niliona aibu afike asubuhi akute kadi, kama barua ya kufukuzwa kazi iliyobandikwa mlangoni. Nikasema huyu nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, kama rafiki. Nilidhani ninamheshimu.

Jumatano tarehe 15, saa 12:40 asubuhi, tulikunywa chai kwenye benchi langu. Tiho alikuwa na bureki, mkate wa jibini wa kwao uliookwa na mkewe, akanimegea.

Akaniambia, "Fundi, mbona umenuna hivyo? Au umekula ile pai ya kantini?"

Nikamwambia, "Tiho, nina neno."

"Kama ni baya, ngoja nimeze kwanza." Akacheka. Halafu kabla sijafungua mdomo akasema, "Kesho navaa sare safi. Huyo mnunuzi akifika kwangu nitamvutia kamba mara moja tu, aone mstari unavyosimama. Najua atanunua vyuma. Lakini akajue vyuma vilikuwa na wenyewe."

Kadi ilikuwa mfuko wa kulia wa suruali yangu. Niliigusa. Nikamtazama usoni, alikuwa na furaha, na mimi sikuwa nimemwona na furaha tangu Mei 2014. Nikamwambia, "Basi, tutaongea saa ya chai." Akasema, "Sawa, mzee. Usisahau lakini, na uzee wako huo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Saa 2:05 asubuhi Lindeman aliagiza reli iwashwe kwa majaribio. Hilo halikuwa kwenye ratiba, majaribio yalipangwa saa 5. Niliwasha mimi. Nilikuwa kwenye kabati la swichi, kama mita arobaini kutoka stesheni ya tisa. Bodi la kwanza lilipita. La pili lilipokaribia, nilimsikia Tiho akipaza sauti, "Limekaa upande hili! Litaanguka!" Niligeuka. Ni kweli, mkono mmoja wa kulining'inizia ulikuwa haujakaa mahali pake.

Nilimwona Tiho akinyoosha mkono wa kushoto, akavuta kamba. Alivuta yote, mpaka chini, kama siku zote. Halafu akaingia chini ya bodi kuusukuma ule mkono. Hakutazama juu.

Nilipiga kelele jina lake na nikarudi kwenye swichi kuu. Nilikuwa nimeondoka hatua tano, kwa hiyo zilikuwa hatua tano za kurudi. Nilipoizima, bodi lilikuwa limeshambana kwenye nguzo.

Nilikimbia. Alikuwa hai. Nilimshika kichwa. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeshangaa. Aliniambia, "Fundi, nimevuta." Nikamwambia najua. Akarudia, "Nimevuta mimi." Hakusema tena. Gari la wagonjwa lilifika saa 2:31 na walisema ameshafariki.

Askari aliponiuliza, mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika kadi. Nikasema sikuona kitu. Niliogopa. Sina maelezo mengine ya hapo.

Jumanne tarehe 21, saa 9 alasiri, nilikwenda kwa mkewe, Ljerka. Nyumba ilikuwa imejaa watu na vyakula. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

Akasema, "Des, yule Lindeman alikuja na maua. Akasema kampuni inaelewa, wanaume wengi wamevunjika moyo. Maua makubwa hayo, kumbe ananiambia mume wangu amejiua."

Akanivutia kiti, akaendelea.

"Wewe ulikuwepo. Niambie mimi, si polisi. Tiho aliniacha kwa kupenda?"

Nikamwambia, "Shemeji, sijui."

Akanimiminia kahawa. Akasema, "Miaka thelathini na moja nimelala na mtu huyu. Sasa nakaa hapa nakumbuka ile asubuhi, nilimjibu vipi, nilimfungia bureki vibaya au vipi. Natafuta kosa langu, Des, silioni."

Niliinywa ile kahawa, Mungu anisamehe. Sijalala vizuri tangu hapo, lakini hilo si la kuandika. Au liandike, basi.

Mazishi ni Jumatatu. Nataka kabla ya siku hiyo ijulikane rasmi kwamba Tiho hakujiua. Mtu anayetaka kufa havuti kamba. Yeye alivuta, akaiamini, akaingia kuzuia gari lisianguke, na gari lenyewe halikuwa la mtu yeyote. Makao makuu waliagiza reli isisimame, na Lindeman aliniamuru nikate kamba. Hao mtawauliza wenyewe. Lakini koleo ya kukatia nyaya ilikuwa mkononi mwangu, na kadi ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikiruhusiwa kutoka hapa nakwenda moja kwa moja kwa shemeji kumwambia kwa mdomo wangu. Safari hii sitangoja saa ya chai.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema, ni ya kweli, na nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu.

(Sahihi) D. A. Haskett

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote. Alisahihisha jambo moja tu: niliandika "rafiki wa kazini", akaomba "wa kazini" ifutwe. Nimemjulisha kwamba ataitwa tena kuhojiwa na kwamba anaweza kuwa na wakili. Alikataa kupelekwa na gari la kituo. Aliondoka kwa miguu saa 6:05 mchana.

Kabla ya kuondoka alikabidhi kielelezo kimoja, nimekisajili kwa namba 1: kadi nyekundu ya onyo, imekunjwakunjwa, ina uzi wa kufungia ambao haujafungwa popote. Imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko unaolingana na wa shahidi: "14/11. Stesheni 9. Kamba haifanyi kazi. Usiingie chini."

(Sahihi) Sajini N. Coyle