Serikali Imemkubali Mama Yako

Kijiji cha Akçaören,
Yozgat.
9 Novemba 2016

Mpendwa mjukuu wangu Selami,

Pokea salamu za bibi aliyekubeba mgongoni. Hujambo? Mkeo Nazife na watoto hawajambo? Wanakula vizuri huko Ujerumani? Mimi nipo. Mgongo umeanza kunisamehe, na mdomo haujawahi kuugua. Herufi zimepinda, zisome hivyo hivyo, sikukaa darasani.

Theluji ya kwanza imeanguka, na mbweha amekula kuku wetu. Hayo ndiyo mazuri.

Unajua tangu kiharusi kimpige mama yako, mimi ndiye ninayemnyanyua na kumwosha. Mwaka huu mgongo ulikataa. Jirani Hamdi akaniambia serikali humlipa anayeuguza mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, na hutoa muuguzi na kiti cha magurudumu. Tukikosa, mama yako Yeter atapelekwa nyumba ya wagonjwa mjini, akafie kwa wageni. Nikaomba.

Akaja binti wa ustawi wa jamii kumtazama. Sasa mama yako unamjua. Tangu alfajiri alinisumbua nimsuke nywele na nimfunge kitambaa cha hariri. Binti akamwuliza hali. "Namshukuru Mungu, mzima kabisa." Akamwuliza kama anakula mwenyewe, akamshukuru Mungu tena. Alipoulizwa habari za msalani, akamwuliza yule binti kama kwao hawakumfunza kuona haya. Nikaenda jikoni kidogo tu. Huku nyuma akajikokota kwa mkono ule mmoja, akamtilia mgeni chai, maana nyumbani mwake mgeni hajawahi kukaa na bilauri tupu. Chai ikamwunguza yeye mwenyewe paja, asitoe sauti. Binti akaandika kwamba anajihudumia. Tukanyimwa.

Nilimwambia Yeter neno ambalo mama hamwambii mwanawe. "Mimi nikifa, utalala kwenye mkojo wako ukimshukuru Mungu."

Tukakata rufaa, tukaitwa mbele ya jopo la madaktari mjini. Nikamkaririsha la kusema kama mtoto anavyokaririshwa sura ya Kurani. Akikosea, namrudisha mwanzo. Siku yenyewe sikumsuka. Nilimvisha gauni lenye madoa. Ndani ya gari la Hamdi alinibembeleza nimfunge walau kile kitambaa. Nilikuwa nacho mfukoni, nikakataa.

Madaktari wote wanaume, wengine rika lako. Wakamwuliza hali yake. "Najikojolea," akasema. "Najinyea. Mama yangu, mzee huyu, ndiye anayenitawaza." Mmoja wao akainamisha kichwa, akamwambia inatosha, mama. Yeye akaendelea mpaka mwisho, kwa kuwa ndivyo nilivyomfundisha.

Basi tumekubaliwa. Kiti kimekuja, nepi zimekuja, muuguzi anakuja kila Jumanne, mwanamke mwema hana neno. Majirani wananipongeza. Lakini mama yako tangu siku ile hataki kitana. Hata ule mkono mzima hautumii. Namwekea kijiko, ananitazama tu, anaacha mdomo wazi. Juzi nikamgombeza ajilishe. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Mama, si tumeshawaambia siwezi?"

Sasa nisikilize. Usimtumie dawa wala kitambaa kipya. Mpigie simu Ijumaa, baada ya sala. Usimpe pole, pole ameshazishiba. Mwambie majani ya mzabibu ya kufungia wali anayokunja Nazife yanayashinda ya kwake kwa mbali. Mwambie ya kwake yalikuwa yakifumuka sufuriani na mlikuwa mkimstahi tu. Mtukanie mapishi mpaka damu impande. Akikukatia simu, piga tena.

Majani nimekwisha kuyaloweka. Nitayaweka upande wa mkono mzima.

Nisalimie Nazife, anisamehe kumtia vitani. Wabusu watoto. Mungu akupe uzee wenye mtu wa kugombana naye.

Bibi yako akupendaye kwa ukali wake wote,
Elmas