Jina la Baba Mkwe

Dada Paulina, shikamoo. Hili sijamwambia mtu: sitaki unesi, nataka kazi kama ya shangazi hapa ofisi ya simu Katesh.

Leo tulikuwa tunahamisha wateja kutoka programu ya zamani ya kompyuta kwenda mpya, inayodai jina la baba wa mwenye simu. Mama mmoja wa Kibarbaig alikuja na jirani yake kwa ajili ya simu ya mumewe; alipoulizwa jina hilo akatikisa kichwa. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Shangazi akataka kumrudisha nyumbani.

Aibu yangu unaijua, lakini nikasema, "Mama, toka nje kidogo, jirani yako alitaje."

Akatoka, jirani akalitaja, nikaliandika; mama akarudi anacheka: "Kabinti haka kanaizidi kompyuta yenu!"

Nibebee mtoto wako mgongoni, mle mshibe. Nasikia shangazi anakuja mlangoni. Kadi hii ninayokuandikia siifichi, asome tu.

Mdogo wako, Veronika