Jina Alilokwenda Nalo Bodo

Kwa dada yangu Arishat, huko Gadiri.

Bibi yetu Tanit akulinde wewe na shemeji, na barua hii iwakute wazima. Mimi sijambo, kwa maana napumua. Ningekuandikia tangu mwaka juzi, lakini merikebu za Warumi zinalinda bandari, na nahodha huyu ndiye wa kwanza kuthubutu.

Warumi walidai watoto mia tatu wa nyumba kubwa wawekwe rehani, ndipo Kartago iachwe salama. Tukawatoa. Wakadai silaha, tukawapelekea mikuki na mitambo ya kurushia mawe kwa mikokoteni yetu wenyewe. Sijapata kuona watu wazima wajinga kama sisi. Kisha wakatuamuru tuuhame mji, wao waubomoe, tukajenge mbali na bahari. Tukafunga malango. Mitambo mipya ilikosa kamba, basi wanawake tukanyoa nywele zikasokotwa. Zile zangu ulizozoea kuziita mkia wa punda ziko ukutani sasa.

Msaada hatuuoni. Makedonia imemezwa, na Wagiriki wenyewe wanatishwa na Warumi hao hao.

Mwanangu Himilko amekufa, dada. Tulikuwa tunakula mkate wa pumba, tumbo likamwendesha siku nne.

Sasa niseme lile linalonila. Mliposafiri kwenda Gadiri ukamwacha mwanao Bodo kwangu kwa sababu ya homa yake, uliniambia unaniachia mboni ya jicho lako. Homa alipona. Kisha wazee wa baraza wakaja kuchukua watoto, na katika nyumba yetu waliandika jina la Himilko. Nilimvika Bodo kanzu ya Himilko, nikamwambia ni mchezo, kila akiulizwa ajiite Himilko. Gatini karani alimuuliza mara mbili. Alijibu, kisha akanigeukia akaninong'oneza, "Mama mdogo, sijakosea, eh?" Nikamwambia hakukosea.

Niliyemficha nimemzika. Niliyemtoa, nahodha anasema watoto wale wako hai, wamehifadhiwa kwa Warumi. Usinishukuru kwa hilo. Sikumtoa ili apone.

Mkimtafuta, msimuulizie Bodo, maana hayumo katika orodha yao. Ulizeni Himilko, mwana wa Batnoam. Na akiitika, mwambie mchezo umekwisha.

Nisalimie shemeji, kama bado atapenda kusikia salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Batnoam