Mwani Tuliougawa Msibani

Mama, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila shikamoo. Nimetoka hospitali sasa hivi kumwangalia mdogo wako, Mama Mdogo Mwajuma. Sukari ilimpanda hadi akaanguka shambani kule Kinole. Anaongea, ila mguuni ana kidonda kinachowatia madaktari wasiwasi.

Unakumbuka nilivyokuletea ule mwani mkavu kutoka maabara ya chuo? Nilikueleza una kitu kinachochelewesha wanga kugeuka sukari, na kwamba tumekiona kwenye vichupa tu, hata panya hatujampa. Ukaunusa, ukasema unanuka soksi za baba. Kesho yake kilima kizima kikajua mwanao katengeneza dawa ya sukari. Sikukanusha. Nilipenda kuitwa daktari nikipita njiani, mama, mimi msaidizi wa maabara.

Kisha homa ya mapafu ikakuchukua. Matangani mtani wetu alivaa kanga yako, akaiga mwendo wako na maringo yako, akatoa ule mwani jikoni na kuwagawia wafiwa. "Dawa ya mwanangu hii, vidonge vyenu kawapeni kuku!" Watu walicheka huku wakilia. Mtani hakatazwi msibani, lakini baada ya matanga nani alinizuia kusema? Mama Mdogo alifunga kipande chake kwenye pindo la kanga, akawa anakichemsha kila asubuhi, vidonge akaviacha.

Leo nimemuuliza kwa nini. Akanijibu, "Dada alisema, na dada yangu hakuwa mwongo." Nimeona aibu, mama. Nilijifanya natafuta simu kwenye mkoba ili nisimtazame.

Wewe mwenyewe vidonge vyako vya sukari hukuviacha. Ulivimeza na uji wako kila siku, huku ukinisifia kwa majirani. Hilo hakuna aliyeliiga.

Nasikia kuna wengine wawili kule juu bado wanachemsha. Ijumaa baada ya swala nitapanda na mjomba, nisimame uwanjani kwako niwaambie wote kwamba dawa haipo bado, na huenda isiwepo. Watasema Zuhura kamuumbua mama yake kaburini. Waache waseme. Nisamehe, lakini sitamzika mdogo wako kwa kulinda sifa zangu.

Mungu akulaze pema, mama. Ijumaa nitaanzia kaburini kwako, niwe nimeshakuaga kabla sijawakabili.

Mwanao,
Zuhura