Siku Niliyokiri Kwamba Sijapima

Baba yangu,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu nakusalimia bila kuitikiwa, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe pasipo hiyo shikamoo.

Unakumbuka ukuta wa nyumba ya mwalimu, kule Misungwi? Nilikuwa kidato cha pili, natoka shule na wenzangu. Tukakuta watu wamekuzunguka, umeshika nyundo, matope mpaka kwenye kope. Nikakusikia unasema kwa sauti, "Mwalimu, ukuta umepinda. Nimekosea mimi. Naubomoa." Mafundi wenzako wakacheka. Rafiki yangu akauliza, "Kabula, si baba yako yule?" Nikaongeza mwendo.

Jioni ukaniuliza mbona nilipita bila kukusalimia. Nikasema nilikuwa nawahi. Ukajibu tu, "Haya, mwanangu," ukaendelea kula. Ulijua. Hatukuligusa tena jambo hilo mpaka tulipokuzika. Nisamehe, Baba.

Uhandisi wangu uliuona. Ambacho hukukiona ni jinsi nilivyoishi kazini. Nilinunua miwani ambayo macho yangu hayaihitaji, ili nionekane mtu mzima. Vikaoni wakitaja kitu nisichokijua, naitikia kwa kichwa. Hata r na l, ambazo kwetu nyumbani tunazichanganya, nilizichunga kama mtoto aliyebeba mayai. Mhandisi mwanamke nilikuwa peke yangu, na niliamini nikisema "sijui" mara moja tu, nimekwisha.

Miezi michache iliyopita tulipata kazi ya hosteli kwenye kilima kule Ilemela. Mwenye mali ni mama mmoja, muuguzi mstaafu. Kwenye kikao akauliza, "Hilo jiwe kubwa tutakalojenga juu yake, mmepima mkajua limeshika chini, au limekaa tu juu ya udongo?"

Mkurugenzi wangu akanigeukia. Jiwe lenyewe nilikuwa nimeliangalia kwa macho tu. Nikajibu, "Tumepima, mama. Limeshika."

Akaandika kwenye daftari lake. Kule kuandika ndiko kulikoniumiza. Aliniamini papo hapo.

Kesho yake asubuhi nilimpigia simu nikamwambia ukweli, kisha nikaingia kwa mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenyamaza, ukaenda kupima kimyakimya," akasema. "Nani angejua?"

Nikasema tu kwamba nisingeweza kumtazama tena yule mama usoni.

Tulichimba pembeni ya jiwe siku tatu. Limeshika, Baba. Lilikuwa limeshika tangu mwanzo. "Umeona?" mkurugenzi akaniambia. "Umejiaibisha bure." Na yule mama akaomba kazi yake isimamiwe na mhandisi mwingine. Aliniambia mwenyewe, kwa upole: "Nashukuru umesema, binti yangu. Ila kwanza ulinidanganya." Nililia kwenye choo cha ofisi, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Wiki iliyopita Mhandisi Lubango alikuja kwenye chumba changu cha kazi na michoro yake, akafunga mlango. Ndiye mkongwe wetu, na sijawahi kumsikia akimuuliza mtu kitu.

"Dada Kabula," akasema kwa sauti ya chini, "hesabu ya hii nguzo inanisumbua tangu juzi. Siielewi. Hebu tuangalie wote."

Nikamwambia hata mimi sina uhakika nayo. Akacheka, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akavuta kiti. Tulihangaika nayo mpaka saa saba mchana, tukibishana, tukifuta, mimi nikichanganya r na l bila kujali.

Bado naogopa kuonekana mjinga, sitakuficha. Na yule mama nimempoteza. Lakini miaka sita yote pale ofisini nilikuwa nafanya kazi mbele ya watu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilifanya kazi na mtu.

Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu. Sasa nakuacha upumzike, Baba.

Mwanao,
Kabula